Kwa Nini Nilimwaga Bakuli Lako

Mwanangu Tatu,

Salamu nakupa, ingawa tumeamka nyumba moja, na asubuhi nilipokuuliza umeamkaje ulinijibu "salama" ukiangalia ukuta. Nimeipokea hivyo hivyo. Sasa umekwenda kusuka, na wasusi wa sokoni nawajua, hawakuachii mpaka jua lipinde. Nimekaa na daftari lako la zamani nikuandikie. Kwa mdomo nimejaribu tangu jana, lakini kila nikifungua mdomo linatoka jingine: umeweka cheti? Umechukua sweta ya botini? Hayo ya cheti na sweta nayaacha. Wewe mtu mzima, na boti la Mafia kesho pale Nyamisati halitakungoja mama yako amalize kuhesabu nguo.

Nataka kukwambia kwa nini nilimwaga bakuli lako.

Najua ulivyohangaika nalo. Mrehani ulikwenda kuuchuma mwenyewe kwa jirani, ukauosha, ukautandaza kwenye kanga kivulini mpaka hakuna jani lenye tone la maji. Ukatwanga kitunguu saumu na chumvi, ukatia korosho, kisha majani kidogo kidogo, unauzungusha mchi ndani ya kinu, huupigi kama tupigavyo sisi. Mafuta ukayamimina kama anayepimia mtoto dawa. Mie nilikuwa nachambua mchele lakini jicho liko kwako. Nikakutania, "Huo mrehani sisi tunamtilia bi harusi kichwani na maiti kwenye sanda. Leo wewe unautia chumvi?"

Ukacheka. "Mama, huko wanaula juu ya tambi. Wanaita pesto."

"Pesto ndiyo nini?"

"Chatne tu, mama. Chatne ya kizungu."

Ukaniambia mpishi mkuu wa hiyo hoteli ya Mafia unakokwenda kuanza kazi amekutaka uje na ya kwako uliyoitwanga nyumbani, auonje mkono wako, na kwamba katika miezi hii mitatu ya majaribio mkono huo ndio utakaokuweka kazini au kukurudisha. Halafu ukanipa kijiko.

Ilikuwa tamu, Tatu. Naandika ili ibaki imeandikwa: ilikuwa tamu kuliko yangu. Ila nyuma ya ulimi, mwisho kabisa, nikapata uchungu. Wa punje moja, labda mbili. Nikakuuliza korosho umezitoa wapi, ukasema kwenye debe la mvunguni. Zile za msimu uliopita? Ukasema ndiyo, si korosho zilezile, zilikuwa na vumbi kidogo ukazifuta. Nikauliza, vumbi la rangi gani?

"Mama nawe! Unakagua kama mnunuzi wa ghalani."

Nilichukua bakuli, nikatoka nalo mpaka shimo la taka, nikalimwaga lote, nikafukia kwa jembe hata kuku wasipate. Nyuma yangu nakusikia, "Mama! Una nini, mama?" Nilipogeuka ulikuwa unalia kama ulivyokuwa ukilia utotoni, mdomo wazi bila sauti. Ukasema, "Hutaki niende. Sema tu hutaki niende."

Kweli sitaki uende. Lakini bakuli sikulimwaga kwa hilo.

Umekulia katika nyumba hii ukijua jambo moja. Kwa shangazi Mwajuma, dada yake baba yako, tunakwenda, tunaamkia, tunakaa kwenye mkeka, na hatuli. Ukipewa hata maji, useme umefunga. Ulipokuwa darasa la pili uliniuliza, "Mama, mbona kwa shangazi kunanukia vizuri na hatuli?" Nikakuzaba kibao. Sijui kama unakikumbuka. Mie nakikumbuka, maana swali lako lilikuwa la haki, na aliyestahili kibao alikuwa mie.

Wewe ulikuwa unanyonya. Mwaka ule mvua za vuli ziliwahi, zikazikuta korosho zetu bado ziko chini ya miti. Baba yako alizipeleka ghalani, wakamrudishia gunia mbili, zina unyevu. Alirudi nazo amenuna. Nikamwambia, usijali baba Tatu, za kuuza hazifai, za kula zinafaa. Ndivyo tusemavyo huku Kibiti kila msimu. Aliyoikataa mnunuzi ndiyo ya mtoto, ndiyo ya mgeni, ndiyo ya mkwe. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini tumbo la mnunuzi liwe na thamani kuliko la mtoto.

Nikazichoma, nikazibangua. Nyingine ndani zilikuwa na manjano mabaya, nyingine zimeota kuvu la kijani laini kama unga. Nikalifuta kwa kitambaa. Nikazikaanga mara ya pili mpaka zikawa za kahawia na ile harufu ya chumba kilichofungwa ikapotea. Nikaonja, chungu. Nikazidisha pilipili. Ndimu ilikuwa moja tu, kavu. Kotimiri niliiosha haraka nikaitwanga ikiwa inachuruzika maji, kwa kuwa tulikuwa tunakwenda Kiongoroni, kule deltani kusikofikika ila kwa boti, nyumbani kwa baba yako, kukuonyesha wewe kwa bibi yako mzaa baba. Nikaitia chatne kwenye chupa, nikaifunika kwa mafuta juu, nikajiona fundi. Mafuta yakishafunika, hakiingii kitu. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo. Sikujua kwamba kilichokwisha kuingia, mafuta yanakifungia humo humo pamoja na chakula.

Boti likaharibika mashine. Tukakaa siku nne tunangoja, na chupa iko dirishani, jua linaipiga. Siku ya safari nikafungua kifuniko, kikatoa mlio mdogo, fsss. Nikakifunga tena.

Utaniuliza, mama, uliona yote hayo, mbona hukutupa? Mwanangu, sisi tuliozaliwa bondeni, mto unapochukua mpunga wote usiku mmoja, tunajifunza kitu kimoja mapema, kwamba anayetupa chakula anaita njaa kwa jina lake. Mama yangu alikuwa akiokota punje za mchele chini moja moja. Mkono wangu ulikuwa haujui kutupa. Jana ndiyo mara ya kwanza umejua, nao ukatupa cha kwako.

Shangazi yako alitupokea Kiongoroni amesimama kwenye tope mpaka magotini. Akakuvuta wewe kutoka mgongoni mwangu kabla hata ya salamu. "Lete mwanangu, nyie wa Kibiti mnawafunga watoto kama mzigo wa kuni."

"Wifi, huyo ana mama."

"Mama? Kaka yangu anaweza kumuoa mwingine hata kesho. Shangazi ndo mimi huyu huyu."

Ndivyo alivyokuwa. Na alikuwa mpishi, Tatu. Hakuwa na cheti kama wewe, lakini penye harusi, penye hitma, pale na vijiji vya jirani, sufuria kubwa inakabidhiwa kwake. Wali wa watu mia mbili, na ukoko hauungui. Siku ile alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani, akapika bila kuonja, chumvi anaipima kwa jicho. Bibi yako alikuwa hana meno, basi Mwajuma akamchambulia samaki, akatoa miba yote kwa vidole, akamtengea kwenye kibakuli chake peke yake. Ndipo nami nikatoa chupa yangu.

"Wifi, hii nini? Dawa ya kuchua?"

"Chatne ya korosho. Nimemletea mama."

"Mama, mkwe wako kakuletea tope la mikokoni."

Bibi yako akanyoosha mkono. "Nipeni. Meno yangu yaliniaga zamani, chochote kilichotwangwa ni changu."

Akala. Kwa wali akala, kwa samaki akala. Baba yako alilamba kijiko kimoja. Nikaona bibi amekunja uso. "Ina uchungu uchungu hii."

"Ndiyo ladha ya korosho, mama," nikasema.

Mie nilikula wali na samaki. Chatne sikuigusa. Nilisema nimeshiba dafu. Angalia hapo, mwanangu, maana miaka yote hii nimekuwa nikiparuka hapo nikijisimulia mwenyewe. Nilijua kiasi cha kutokula.

Kabla ya laasiri bibi yako alianza kutapika. Kisha tumbo, kisha akawa anatapika maji matupu, macho yameingia ndani. Maji yalikuwa yamekupwa, boti limelala ubavu kwenye tope, na kule bila maji kujaa huendi popote. Watu wamesimama ufukweni wanautazama mto kama unaweza kuharakishwa. Baba yako naye alikuwa na kichefuchefu, tukasema ni jua la safari. Mie nikaitia chupa ndani ya kanga, nikapita nyuma ya nyumba, nikaitosa mkondoni. Ilizama polepole, mafuta yakabaki juu ya maji yanang'aa, nikayapiga kwa mkono yatawanyike. Wakati wote huo wewe unalia ndani na shangazi yako anakubembeleza kwa mkono mmoja, mkono wa pili amemshika mama yake kichwa.

Asubuhi ya pili ndipo tukamfikisha kituo cha afya. Nesi akauliza, "Amekula nini?"

Nikawahi mie. "Wali na samaki."

"Na nini kingine?"

"Basi."

"Samaki nani kampika?"

"Mimi," akasema Mwajuma.

"Wewe mwenyewe ulikula?"

"Nilikuwa nimefunga."

Nesi aliuliza kwa kazi yake tu, akaandika. Lakini baba yako aliinua kichwa akamtazama dada yake, na nilimuona anavyolifikiri jambo, hatua kwa hatua. Samaki wa kibakuli cha peke yake. Mpishi ambaye hakula. Minazi ya mama ambayo Mwajuma, mtoto wa kike, alikuwa ameidai fungu lake mwaka uliotangulia. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema neno moja. Chatne. Nilikuwa nimekupakata wewe, nikainama nikakunyonyesha na huku hukuwa na njaa.

Bibi yako alikaa siku sita na dripu. Alhamdulillahi akapona, ila hakurudi kuwa yule wa kucheka. Alisema mpaka anakufa, "Mwajuma hawezi kunifanyia hivyo." Watu wakasema, mama huyo, atasemaje? Baba yako akaapa mbele ya ndugu kwamba hatatia mkono kwenye chungu cha dada yake. Na kule kijijini hakuna aliyemtukana, usidhani. Ilikuja harusi, sufuria akapewa mwingine. Ikaja hitma, akaambiwa, bi Mwajuma wewe pumzika. Wakampumzisha hivyo mpaka bibi yako alipofariki, akahamia hapa Kibiti, akaanza kuuza mkaa. Mtu aliyezaliwa kupika, anawauzia wenzake moto wa kupikia. Na akatafuta chumba karibu na sisi, ng'ambo ya barabara kubwa, awe karibu na wewe.

Baadaye bwana shamba alikuja kutufundisha habari za sumukuvu, kwamba ukilifuta kuvu kwa nje, sumu imebaki ndani ya kokwa, na kukaanga hakuiondoi. Nilimuuliza, na majani mabichi yakikaa na maji chini ya mafuta? Akanijibu hayo aulizwe daktari, lakini yeye asingekula. Basi sijui mpaka leo kama ni korosho, au ni majani, au vyote. Wanawake wengine walikuwa wanacheka na kupiga soga. Mie nilitoka nje nikakaa chini.

Sasa unaelewa bakuli.

Habari za kukausha majani, chupa za kuchemsha, kugandisha kwenye friji vichupa vidogo vidogo na kuandika siku, hizo umefundishwa chuoni na nimekuona unazifanya vizuri kuliko mie. Siendi huko. Ninachoogopa hakimo kwenye daftari la chuo. Naogopa ile siku, ambayo naomba isije, mgeni mmoja ataumwa tumbo, na jikoni watu watageuka kutafutana mikono. Wewe ndiye mgeni, huna ndugu pale, na huenda siku hiyo ulikuwa umefunga. Au utakuwa ndiye uliyeona jambo asubuhi, kijani kidogo kwenye korosho, kifuniko kilichotoa mlio, ukasema moyoni, kidogo tu, haina neno, na saa nane unaulizwa mbele ya watu. Sijui ninaogopa zaidi uwe Mwajuma au uwe mimi. Nikikaa peke yangu naona ninaogopa zaidi uwe mimi. Mwajuma usiku anapata usingizi.

Nami sikuwa mbaya, Tatu. Hilo ndilo linalonitisha. Sikumchukia wifi yangu hata siku moja, nilimpenda. Niliogopa tu. Niliogopa kuitwa mkwe aliyemlisha mkwewe sumu, niliogopa kurudishwa kwetu na mtoto mgongoni. Nikadhani nitasema kesho, watu wakitulia. Kesho ikawa ngumu kuliko jana, na kesho yake ngumu zaidi, kama lile tope la kule, kila ukichelewa kuutoa mguu unazama. Ukiweza kusema, sema siku ile ile, ungali na kijiko mkononi. Watakufukuza labda. Ukifukuzwa rudi, mlango huu ni wako, na hata tukila mihogo mikavu tutakula tukitazamana.

Leo tangu alfajiri nimebangua korosho mpya, za msimu huu, nimezipasua moja moja nikatazama ndani. Ziko mezani zimefunikwa. Mrehani nimekuombea kwa jirani, uko kwenye kanga unakauka. Sikutwanga. Mkono anaoutaka huyo mpishi si wangu.

Nilitaka kuishia hapo, nikuwekee barua kwenye begi, uisome botini nikiwa sionekani. Nimeikunja kabisa. Kisha nikasikia baba yako anarudi kutoka shamba, anaosha miguu uani, nikaona kwamba ninafanya tena lile lile. Ninakwambia wewe unayeondoka, na wanaobaki wanabaki na uongo wangu wa samaki.

Nimemwita, nimemsomea. Yote, kuanzia bakuli. Pale kwa nesi niliinua macho kumtazama, akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake. Nilitegemea anipige, na hajawahi kunipiga maisha yangu. Nilitegemea aseme toka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mwajuma anajua?"

"Hajui."

"Hajui," akasema tena, kama anayejifunza neno. Akavaa kandambili zake na miguu ingali na maji, akatoka. Nimechungulia dirishani. Amevuka barabara.

Naogopa, mwanangu. Sijui atamwambia nini dada yake, wala sijui mie nitaingia mlango ule kwa uso gani, wala kama usiku wa leo nitalala humu ndani. Lakini nimejitanda kanga, namfuata, hayo si ya kusemwa na yeye kwa niaba yangu.

Barua naiacha juu ya korosho ili uione ukiingia. Ukishaisoma, kama moyo wako utakubali, njoo utukute kwa shangazi yako. Usiseme umefunga. Akikupa chochote, kula.

Mama yako.